Projekta ya Sebuleni: Namna ya Kuichagua

Projekta ya nyumbani ni mashine inayopokea picha kutoka kwenye king'amuzi, kompyuta, simu au mashine ya gemu, kisha kuitupa ukutani kwa ukubwa ambao televisheni ya bei ya kawaida haiufikii. Picha ya inchi 100, ikipimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, ina upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25. Televisheni za ukubwa huo zipo, lakini ni mzigo wa watu wawili au watatu, na si kila mlango unaupitisha. Projekta inayotoa picha hiyo hiyo hubebwa kwa mkono mmoja.

Tofauti iliyo kubwa zaidi kati ya vyombo hivi viwili haielezwi dukani. Projekta haiwezi kutupa weusi, kwa kuwa hakuna mwanga mweusi. Sehemu nyeusi ya picha ni kipande cha ukuta ambacho mashine imeacha kukimulika, na weusi wake hauwezi kupita weusi wa ukuta wenyewe kwa wakati huo. Ukuta ukiwa mweupe na dirisha likiwa wazi, "weusi" huo ni mweupe. Anayelipia projekta basi analipia nusu ya chombo. Nusu ya pili ni chumba chake, na hicho ndicho cha kukaguliwa kwanza.

Giza na hesabu yake

Mng'ao wa picha hupimwa kwa niti. Kumbi za sinema za kidijitali huwekwa kwenye niti 48, na jicho lililokwisha kuzoea giza huiona picha hiyo kuwa angavu kabisa. Skrini nyeupe ya kawaida ya inchi 100 ina eneo la mita za mraba 2.76. Kupata niti za skrini, lumeni za projekta, yaani mwanga wote inaoutoa, hugawanywa kwa eneo hilo, kisha kwa 3.14. Ukirudi nyuma na hesabu utaona kwamba niti 48 zinahitaji lumeni 420 hivi tu. Si nyingi.

Sasa iwashwe taa ya sebule, au pazia liachwe wazi kidogo, mwanga wa laksi 100 (laksi hupima mwanga unaoangukia sehemu) uangukie skrini ile ile. Sehemu zilizopaswa kuwa nyeusi zitang'aa kwa niti 32. Picha ya niti 48 ikiongezwa juu yake inafika 80, maana yake nyeupe inaizidi nyeusi mara mbili na nusu tu. Nyuso zinapauka, jezi ya bluu na jezi nyeusi hazitofautiani. Projekta ya lumeni 3,000 katika mwanga huo huo itapandisha tofauti hadi mara 12. Ile dhaifu ya lumeni 420, ikiwa ndani ya chumba kilichozibwa hadi laksi 1, inavuka mara 100. Wenye vibanda umiza vya kuonyeshea mpira walilijua hili bila fomula: matundu ya mabati huzibwa, maturubai na mapazia mazito hushushwa, watazamaji wanatokwa jasho lakini mpira unaonekana.

Laksi zinaweza kupimwa kwa programu ya bure kwenye simu. Namba yake haitakuwa sahihi kabisa, ila inatosha kuonyesha kama chumba kina 5, 50 au 500, na kipimo kichukuliwe saa zile ambazo kweli watu wa nyumba hiyo hutazama. Afrika Mashariki jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni karibu mwaka mzima, jambo linalompa mpenzi wa filamu za usiku nafuu ambayo mwenzake wa Ulaya hana wakati wa kiangazi. Mpenzi wa soka ana ratiba mchanganyiko. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa zetu, kutegemea kama Ulaya wamesogeza saa, na wakati huo projekta ndogo inajitosheleza. Lakini mechi ya mapema ya Jumamosi ya Ligi Kuu ya England huanguka saa 8:30 au 9:30 mchana, na nyingi za ligi ya Tanzania huanza saa 10 jioni, jua likiwa bado linapiga dirishani. Mtu ambaye mechi zake kubwa ni hizo za mchana, na ambaye mapazia yake ni mepesi ya kupitisha upepo, hana budi kukata shauri moja kati ya mawili: kuweka mapazia mazito na kuvumilia joto, au kununua televisheni. Kwa maoni yangu televisheni ya inchi 65 humfaa huyo kuliko projekta ya bei mara mbili yake.

Hata usiku, chumba chenyewe hurudisha mwanga. Dari jeupe la jipsamu, kuta za rangi ya krimu na vigae vinavyong'aa hupokea mwanga wa picha na kuutupa tena juu ya skrini. Ukuta wenye skrini ukipakwa rangi iliyokolea isiyong'aa, na zulia likatandikwa mbele yake, weusi wa picha huongezeka kwa gharama ya kopo moja la rangi.

Lumeni za kwenye boksi

Kipimo kinachoaminika kilianza Marekani mwaka 1992, pale taasisi ya viwango ya ANSI ilipoweka utaratibu wa kupima mwanga kwenye nukta tisa za picha nyeupe, safu tatu kwa tatu, na kutafuta wastani. Baadaye shirika la kimataifa la viwango, ISO, likatoa kiwango chake namba 21118 kinachofuata njia inayofanana. Tangazo linalosema "ANSI" au "ISO" kando ya namba limejifunga kwa kipimo. Lililoandika "lumeni 15,000" bila neno lolote halijajifunga kwa chochote.

Namba hizo kubwa zinatoka wapi? Chukua projekta ndogo inayotumia wati 60 za umeme. Taa ya LED hutoa lumeni 100 na ushei kwa kila wati, basi ndani ya boksi kuna lumeni elfu 6 au 7 kabla mwanga haujaanza safari. Kisha mwanga huo hupita kwenye kichujio cha kupolaraiza kinachozuia zaidi ya nusu, halafu kwenye vichujio vya rangi vinavyobakiza theluthi au pungufu, halafu kwenye kioo chenyewe na lenzi. Ukutani hufika lumeni mia moja hadi mia tatu. Muuzaji aliyeandika elfu saba hakubuni kitu. Amepima taa, hakupima picha. Ndiyo maana stika ya umeme iliyo nyuma ya mashine husema kweli kuliko boksi: wati 60 haziwezi kutoa lumeni 15,000 za picha, wala 5,000.

Upo ujanja mwingine, wenye heshima kidogo. Baadhi ya projekta huongeza kipande kisicho na rangi kwenye gurudumu lao la rangi ili nyeupe iwe kali. Slaidi za ofisini hupendeza. Nyasi za uwanjani na ngozi za watu hubaki nyuma, kwa sababu rangi hazikuongezewa mwanga uliopewa nyeupe.

Kwa sebule ya giza la kweli, lumeni 500 hadi 1,000 zilizopimwa zinatosha kwa inchi 80 hadi 100. Chumba chenye taa ya pembeni iliyowashwa ili watoto wasikanyagane kinahitaji 1,500 hadi 2,000. Mchana wenye mapazia ya wastani unadai 2,500 na zaidi, pamoja na kukubali picha ndogo. Kupunguza picha kutoka inchi 120 hadi 80 huongeza mng'ao mara 2.25 bila kulipa senti.

Mita za chumba

Kila projekta ina uwiano wa umbali: umbali kutoka lenzi hadi ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha. Mashine ya uwiano wa 1.5 huhitaji mita 3.3 kutoa inchi 100. Katika chumba cha mita 3 kwa 3, ukiondoa nusu mita kwa ajili ya mwili wa mashine, nyaya na nafasi ya kupumua, zinabaki mita 2.5, na mashine hiyo haitavuka inchi 75. Mashine ya uwiano wa 1.2 itafika inchi 94 hapo hapo. Namba hii imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya kila modeli inayojiheshimu, lakini wengi huiuliza wakiwa tayari wamefika nyumbani.

Halafu kuna pangaboi. Sebule nyingi zina pangaboi katikati ya dari, mahali pale pale mwanga wa projekta iliyofungwa nyuma ya chumba unapopita. Mapanga yakizunguka ndani ya mwanga, picha nzima hupepesa. Projekta basi ishushwe chini ya mapanga, au ifungwe mbele yake kwa kuchagua ile ya umbali mfupi, au iwekwe kwenye rafu ya pembeni.

Ikishawekwa pembeni au chini mno, picha hupinda na kuwa pana upande mmoja. Karibu mashine zote sasa hunyoosha picha kidijitali, nyingine zenyewe ndani ya sekunde chache, na matangazo hulisifu jambo hili kupita kiasi. Kunyoosha huko ni kuzima pikseli za kingo na kubana picha ndani ya zilizobaki. Maandishi hupoteza ukali, na zile pikseli zilizozimwa bado huvujisha ukungu wa kijivu unaoonekana kandokando ya picha usiku. Projekta ambazo lenzi yenyewe husogezwa juu, chini na kando hazina hasara hiyo. Ni ghali zaidi. Wasio nazo wapande ngazi, wapime vizuri, wafunge mashine mbele ya katikati ya picha kwa kimo kinachotakiwa na mtengenezaji, kisha wasahau kitufe cha kunyoosha.

Projekta za umbali mfupi sana, zinazokaa juu ya kabati la televisheni, zina uwiano wa karibu 0.25: sentimita 55 kutoka ukutani zinatoa inchi 100. Pangaboi halizisumbui na mtoto akipita hakati picha. Lakini mwanga wake hupanda ukutani kwa mlalo mkali kiasi kwamba kila kibonge cha plasta hutoa kivuli chake, na mstari ulionyooka huonekana kama wimbi. Zinataka skrini ngumu iliyonyooka, na bei ya skrini hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Chipu na pikseli

Sokoni kuna familia nne. Ya kwanza ni DLP, iliyotokana na chipu ya vioo vidogo aliyoibuni Larry Hornbeck katika kampuni ya Texas Instruments mwaka 1987. Projekta za kwanza zilizoitumia ziliingia sokoni mwaka 1996, na chipu hizo hizo ndizo zilizoondoa filamu za utepe katika kumbi nyingi za sinema duniani. Kila pikseli ni kioo kinachoinama kupeleka mwanga kwenye lenzi au pembeni. Picha yake ni kali, na chipu hufungiwa vizuri hata vumbi haliifikii kirahisi. Modeli za bei ya kati hutumia chipu moja na kuonyesha nyekundu, kijani na bluu kwa zamu, haraka mno. Baadhi ya watu huona michirizi ya upinde wa mvua kila wanapohamisha macho. Wengi hawaioni kamwe. Dukani, omba maandishi meupe kwenye mandhari nyeusi, kisha peleka macho kushoto na kulia kwa haraka. Mwenza wako naye ajaribu, kwa sababu macho yenu hayafanani.

Ya pili ni 3LCD, inayohusishwa zaidi na Epson. Vioo vitatu, kila kimoja na rangi yake, huonyesha kwa wakati mmoja, basi michirizi hiyo haipo na rangi zina mwanga sawa na nyeupe. Udhaifu wake ni chujio la hewa, linalotaka kusafishwa, na weusi ulio hafifu kwenye modeli za bei ya chini. Ya tatu, LCoS ya JVC na Sony, ina weusi bora kuliko zote na bei inayoiweka nje ya makala hii kwa wasomaji wengi.

Ya nne ndiyo inayouzwa kwa wingi Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi: kioo kimoja cha LCD, taa ya LED, lenzi ambayo mara nyingi ni ya plastiki. Si takataka zote. Iliyofungwa njia yake ya mwanga ili vumbi lisiingie, yenye pikseli halisi 1920 kwa 1080 na lumeni za kweli 300 au 400, ni kifaa kizuri cha chumbani gizani. Tatizo ni kwamba nyingi zimeandikwa "4K" ilhali kioo chake kina pikseli 1280 kwa 720, au hata 800 kwa 480. Wanachomaanisha ni kwamba mashine inapokea mawimbi ya 4K; ikishayapokea inayapunguza hadi uwezo wake. Swali la kuuliza ni moja tu: kioo chenyewe kina pikseli ngapi?

Na je, 4K ya kweli inahitajika? Jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja ya nyuzi, sehemu ya 60 ya nyuzi moja. Kwenye picha ya inchi 100 yenye pikseli 1920 kwa mstari, kila pikseli ina upana wa milimita 1.15, na jicho huacha kuitenganisha likiwa mita 4 hivi. Aliyeweka kochi mita 4 au zaidi kutoka ukutani halipii 4K kwa ajili ya macho yake. Aliyekaa mita mbili na nusu ataona tofauti, hasa kwa filamu zenye ubora. Matangazo ya soka ya king'amuzi cha kawaida hayafikii 4K hata hivyo. Pikseli 1280 kwa 720 zinahitaji karibu mita 6 kabla hazijafichika, na sebule chache zina nafasi hiyo.

Fedha iliyookolewa kwa kuacha 4K iende kwenye kontrasti, ile tofauti ya nyeupe na nyeusi. Hapo nako kuna namba za kupuuzwa: "100,000 kwa 1" hupatikana kwa kufifisha taa wakati picha nzima ni nyeusi, na haisemi lolote juu ya tukio lenye mshumaa ndani ya chumba cheusi. Njia ya kupima ni kuomba tukio la usiku na kulitazama.

Taa na umeme

Taa ya zebaki, ya mtindo wa zamani, hutajwa kuwa na maisha ya saa 3,000 hadi 5,000 kwa mwanga kamili. Mwisho wa maisha hayo kwa kawaida humaanisha mwanga umefika nusu, si kwamba taa imekufa. LED na leza hutajwa kwa saa 20,000 au zaidi, ambazo kwa kutazama saa 4 kila siku ni zaidi ya miaka 13. Katika nchi ambazo umeme hukatika, tofauti hii ina uzito kuliko inavyoonekana kwenye majarida ya ng'ambo. Taa ya zebaki ikizimika ghafla, feni nayo imesimama, joto lililobaki ndani huila. Umeme ukirudi baada ya dakika moja, mashine hukataa kuwaka mpaka taa ipoe, na penalti imekwisha kupigwa. Leza na LED huwaka mara moja.

Kwa wanaotumia sola au betri, hesabu ni hii: betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 hutoa kama wati-saa 600 ukiitumia nusu ili isiharibike. Ukiondoa umeme unaopotea kwenye inveta, projekta ya LED ya wati 100 itaendeshwa kwa karibu saa 5. Ya taa ya zebaki ya wati 280, karibu saa 2. Kwa wanaotumia umeme wa gridi, stabilaiza ni ya lazima kwa zote mbili.

Skrini, sauti, mtandao

Ukuta laini uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni skrini nzuri kuliko skrini ya bei rahisi yenye makunyanzi. Shuka ni la dharura tu: mwanga mwingi hupita nyuma yake.

Spika za ndani ya projekta husikika kama redio ndogo, na ziko nyuma ya mtazamaji wakati midomo inasema mbele yake. Sabufa iliyopo nyumbani inatosha, mradi iunganishwe kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na mpira hugonga mwamba kabla ya kusikika. Wacheza gemu nao waulize ucheleweshaji wa picha: milisekunde 20 ni nzuri, 80 itamfanya kipa aruke wakati goli limeshaingia.

Projekta nyingi za bei ndogo zina Android ndani, lakini hazina idhini ya huduma kama Netflix, na kurusha picha kutoka kwenye simu huleta sauti pamoja na kioo cheusi kwa sababu ya ulinzi wa nakala. Kifaa kidogo chenye idhini, kinachochomekwa kwenye HDMI, huondoa tatizo na hubadilishwa kikizeeka.

Za mitumba

Projekta za ofisi zilizotumika, zinazoletwa kutoka Uingereza na Dubai, ni chaguo ambalo washauri wa ng'ambo hawalitaji. Nyingi zina lumeni 3,000 za ANSI kwa bei ya mashine mpya yenye lumeni 200. Kasoro yake ni umbo: zile za pikseli 1024 kwa 768 ni za uwiano wa 4 kwa 3, na mpira wa skrini pana hutumia pikseli 1024 kwa 576 tu, robo ya kioo ikibaki mistari mitupu juu na chini. Zenye pikseli 1280 kwa 800 hupoteza kidogo sana, nazo ndizo za kutafutwa, zikiwa na tundu la HDMI.

Fundi afungue menyu na kusoma saa za taa, akikumbuka kwamba kaunta hurudishwa sifuri kwa vitufe vichache, hivyo mwanga wenyewe utazamwe pia. Ukurasa mweusi huonyesha nukta nyeupe kwenye DLP ambayo vioo vyake vimekwama. Ukurasa mweupe huonyesha mabaka ya njano au zambarau kwenye LCD iliyoungua ndani, na hilo halina tiba ya bei nafuu. Mashine iachwe iwake nusu saa dukani, feni isikilizwe, joto lake liguswe. Bei ya taa mpya ya modeli hiyo iulizwe kabla ya kulipa chochote, kwa zaidi ya muuzaji mmoja. Ile ambayo taa yake haipatikani tena iachwe pale pale kwenye rafu.